Gari Likizima, Usikimbilie Kuliwasha

Mara ya kwanza gari langu lilizima Mikese, saa nane mchana, nikitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Halikutetemeka wala kutoa mlio. Mshale wa mizunguko ya injini ulianguka hadi sifuri kama uliokatwa kamba, taa nyekundu zikawaka zote kwenye dashibodi, redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo. Nyuma yangu lilikuwapo lori la mafuta ambalo honi yake naisikia mpaka leo. Nikalisogeza gari kando kwa mwendo uliobaki, nikafungua boneti, nikasimama kuitazama injini kama mtu aliyefika msibani asimjue marehemu. Baada ya dakika kama ishirini, kijana muuza matunda aliyekuwa akinitazama muda wote akasema, "Jaribu tena, braza." Likawaka mara moja, likanguruma vizuri kuliko lilivyotoka nyumbani.

Nilimshukuru Mungu nikaondoka, na hapo ndipo nilipokosea. Ndani ya mwezi mmoja lilizima mara tatu nyingine. Fundi wa kwanza alibadili plagi. Wa pili akaniuzia pampu ya mafuta. Wa tatu alisafisha nozeli, akanishauri kwa upole niliuze kabla halijanifia. Wote watatu walilipokea gari likiwa zima, wakaliwasha likawaka, wakalizungusha mtaani likarudi bila kosa.

Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa huu: unapoutafuta haupo. Ni sawa na mtoto anayechemka homa usiku kucha, ukimfikisha zahanati asubuhi anacheza na viatu vya daktari. Fundi asiyeuona ugonjwa hubaki kukisia, na gereji kukisia maana yake ni kubadili spea kwa fedha yako. Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya kulitibu gari la namna hii ni ya dereva, na huifanya pale pale barabarani, katika zile dakika gari likiwa limekataa. Ukiharakisha kuliwasha na kushukuru, umemfukuza shahidi pekee uliyekuwa naye.

Kabla ya ushahidi, uhai. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla, lakini unageuka. Uushike kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu. Breki nazo zipo, ila ule msaada unaozifanya ziwe laini hutokana na injini, na injini ikikata unabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Usizipampu. Kanyaga mara moja, kwa uthabiti, ukiwa tayari umewasha taa za dharura na unaelekea kando. Na ufunguo usiuchomoe wala kuuzungusha hadi mwisho wakati gari linatembea, kwa sababu usukani utajifunga. Ukishasimama, weka pembetatu mbali nyuma, abiria washuke wakae upande wa porini. Wenye mazoea ya kuzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta wanajitengenezea hatari hii kwa mikono yao; nimewaona hata kwenye mlima wa Kitonga, na sijui huwa wanawaza nini.

Angalia pia mshale wa joto. Ukiwa umepanda hadi kwenye nyekundu, makala hii haikuhusu tena kwa siku hiyo. Usiliwashe, usifungue mfuniko wa rejeta, subiri lipoe kabisa kisha tafuta maji yamepotelea wapi.

Joto likiwa la kawaida, jiulize gari lilizimaje. Kuna kuzima kwa namna ya kukatwa na kuna kuzima kwa namna ya kuzimia. Kukatwa ni kama nilivyoona Mikese: sekunde moja kuna nguvu, sekunde inayofuata hakuna kitu, mshale umelala. Hiyo kwa kawaida ni njia ya umeme, yaani sensa, swichi, relei au waya. Kuzimia kunajitangaza: gari linasitasita, linavuta na kuachia, ukikanyaga mafuta linazidi kulegea, ndipo linakata. Huko shuku mafuta au hewa kwanza. Halafu itazame dashibodi. Ikiwa taa zote zimezimika na redio imekufa, huna haja ya kwenda mbali, tatizo lipo kwenye betri, vichwa vya betri, waya mkuu au swichi ya ufunguo. Redio ikiendelea kuimba, umeme mkuu upo. Kuna kitu kimoja kimekatika mbele zaidi.

Sasa jaribu stata, lakini kwa kuchunguza. Injini ikizunguka bila kuwaka, mtazame yule mshale wa mizunguko. Kwenye magari mengi yenye mshale huo, hucheza kidogo wakati stata inazungusha, kwa sababu kompyuta inapata habari kwamba injini inazunguka. Ukibaki umelala sifuri kabisa, andika hilo, kwa sababu ni habari ya maana kuliko zote utakazompelekea fundi. Kisha fungua mfuniko wa tenki umwambie mwenzako apige stata huku wewe ukitega sikio pale. Pampu ya mafuta huvuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Magari mengi huivumisha sekunde mbili tu swichi inapowashwa. Mengine hayavumishi mpaka injini izungushwe, ndiyo maana nasema piga stata kabla ya kuihukumu pampu. Na wakati wa kufungua mfuniko ule, sikiliza kama tenki linavuta pumzi. Sauti ya nguvu ya "fyuuu" ikifuatiwa na gari kuwaka vizuri maana yake tundu la hewa la tenki limeziba, na pampu ilikuwa ikinyonya kwenye chombo kilichokabwa koo. Nenda pia ukanuse nyuma, kwenye ekzosi. Harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata mara kadhaa inasema mafuta yanafika, moto ndio haupo. Kukiwa hakuna harufu yoyote, mambo huenda ni kinyume.

Yote hayo hayahitaji spana hata moja. Chukua simu uandike: saa, kilomita ulizotembea tangu uwashe, kiasi cha mafuta, mlima au tambarare, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, ulikuwa unakanyaga au umeachia, na lilichukua dakika ngapi kukubali. Mistari minne inatosha. Ukipata maandishi ya namna hiyo ya siku tatu au nne tofauti, mara nyingi ugonjwa unajitaja wenyewe.

Gari linalozima likiwa la moto na kuwaka likishapoa lina mtuhumiwa wa kwanza anayejulikana na mafundi wote wa magari ya kisasa: sensa ya krenki. Ni kidude kinacholingana na kidole gumba, kimekaa karibu na puli ya chini ya injini. Kazi yake ni kuhesabu meno ya gurudumu dogo lililofungwa kwenye krenki. Kwenye injini nyingi za Toyota gurudumu hilo lina meno 34, na nafasi ya meno mawili imeachwa wazi makusudi ili kompyuta ijue mzunguko umeanzia wapi. Kwa hesabu hiyo kompyuta inajua pistoni ipi iko juu, lini imwage petroli na lini ipige moto. Hesabu ikikatika hata kwa muda mfupi, kompyuta haikisii. Inasimamisha vyote viwili. Ndani ya sensa hiyo kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana. Miaka ikipita ufa mdogo hujitokeza. Injini ikipata moto, waya unatanuka na ufa unaachana. Ikipoa, unakutana tena. Dakika ishirini za Mikese zilikuwa ni muda wa nyuzi mbili za shaba kurudiana.

Koili za plagi nazo zina ugonjwa wa joto, ila kwenye gari ambalo kila plagi ina koili yake, moja ikifa gari halizimi. Linapata misi, linatetemeka, na taa ya injini huweza kuanza kukonyeza. Relei pia ina miguu iliyolehemewa kwa risasi, na lehemu ikipasuka inafanya yale yale ya sensa. Relei ni rahisi kuijaribu kwa sababu aghalabu kwenye boksi la fyuzi kuna nyingine pacha wake, ya honi au ya feni. Zibadilishe nafasi, uone kama tabia inahama.

Ikiwa gari lako halizimi barabara kuu kabisa ila linakata kila unapopunguza mwendo kwenye matuta, au unapoachia mafuta ukikaribia taa za makutano, usiniletee habari za sensa ya krenki. Hilo ni suala la sailensi, yaani injini kunguruma bila kukanyagwa mafuta. Masizi yamejaa kwenye koo la hewa, pale kwenye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta, na hewa ndogo ya kuishikilia injini haipiti. Kulisafisha ni kazi ya nusu saa, dawa ya kopo na kitambaa. Wakati upo hapo, kagua mpira mkubwa unaotoka kwenye filta ya hewa. Mara ngapi nimeona mtu aliyebadili filta jana akilalamika leo, kumbe klipu ya mpira haikukazwa!

Mafuta. Nitasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kuweka lita tano tano kila siku kunaua pampu. Pampu ya ndani ya tenki hupozwa na petroli yenyewe inayoizunguka, na tenki likiwa karibu tupu kila siku, inafanya kazi kwenye joto huku ikinyonya takataka za chini. Gari linalozima kwenye kona au mlimani, mshale wa mafuta ukiwa chini ya robo, mara nyingine halina ugonjwa kabisa. Petroli imekimbilia upande wa pili. Jaza nusu tenki uone kama tabia itaisha kabla ya kumlipa mtu. Pampu iliyochoka huzimisha gari baada ya mwendo mrefu, na mafundi wana mbinu yao ya kuligonga tenki chini kwa mti au mpini. Gari likiwaka baada ya kugongwa, pampu imejihukumu, na na kuwaka huko ni kwa kukufikisha gereji tu. Lakini usikubali pampu mpya kabla ya kupimwa msukumo kwa geji. Injini nyingi ndogo za petroli hufanya kazi kwenye msukumo wa karibu baa tatu, na kipimo hicho hakichukui dakika kumi. Mimi niliuziwa pampu bila geji kutolewa kwenye sanduku.

Kuna pia masega ya kwenye ekzosi, yaani kile kichujio cha moshi. Yakiyeyuka au kuziba, injini inashindwa kutoa pumzi. Gari linakuwa zito mlimani, haliendi zaidi ya mwendo fulani, kisha linakata. Wenye dizeli nao hesabu yao ni nyingine: anzeni na maji kwenye filta na hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka, maana dizeli ikinyonya hewa inakata hata kama tenki limejaa.

Sasa nirudi kwenye waya, kwa sababu huku ndiko ninakoona magari mengi ya mjini yakiugua ugonjwa wa kutengenezwa. Fungua boneti, shika vichwa vya betri kwa mkono ujaribu kuvizungusha. Kikizunguka hata kidogo, umeshapata jibu la kwa nini gari huzima likigonga shimo. Ule unga wa kijani na mweupe usafishe kwa maji ya moto na brashi. Fuata waya mweusi kutoka betri hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Mafundi huuita athi, na athi iliyooza huleta maajabu ambayo hata mganga hayawezi. Pima betri kwa mita: gari likiwa limelala usiku mzima, iwe karibu volti 12.6, injini ikiwa inanguruma, kati ya 13.5 na 14.7. Chini ya 13 huku gari linawaka, alteneta haichaji, na siku moja kompyuta itakosa umeme ukiwa katikati ya daraja.

Halafu uliza kuhusu alamu. Magari mengi yamefungwa alamu au kile kifaa cha kufuatilia gari kwa simu, na vingi vya vifaa hivyo vina relei ya kukata pampu au swichi ili mwizi asifike mbali. Ili kuifunga, fundi hukata waya wa gari na kuupitisha kwenye relei hiyo chini ya dashibodi. Jirani yangu mmoja alihangaika miezi miwili na gari linalozima. Tulipofungua plastiki ya chini ya usukani tukakuta waya mbili zimesokotwa kwa vidole kama mtu anayesuka kamba, zimefungwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeyeyuka kwa joto na kutelezea pembeni. Shaba ilikuwa wazi, imepauka, ukiigusa pampu inavuma, ukiiachia inanyamaza. Alamu ilikuwa imeacha kulia zamani. Relei yake ndiyo ilibaki kazini. Kama umenunua gari mkononi kwa mtu, muulize kilifungwa nini na kilitolewaje.

Mkungu wa funguo nao si mapambo. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyarudisha magari yapatayo milioni 2.6, Chevrolet Cobalt yakiwemo, kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa laini kupita kiasi. Goti likigusa, au mkungu mzito ukiyumba kwenye shimo, ufunguo uliruka kutoka nafasi yake, injini ikazima na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ikakosa kufunguka kwenye ajali. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Gari lako huenda si la aina hiyo, lakini swichi ya miaka ishirini huwa imelika. Ukiwa umeegesha na injini inanguruma, utikise ufunguo kidogo bila kuuzungusha. Injini ikisita, umepata. Na hizo funguo za duka, geti na kabati zitoe.

Mtu ataniuliza: si kuna mashine ya kupima? Ipo, na itumie. Soketi yake yenye matundu 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani ililazimisha mfumo wa upimaji wenye soketi hiyo kwa magari mapya tangu 1996, Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Magari ya soko la ndani la Japani ya miaka ile yanaweza kuwa na soketi ile ile na bado yakakataa kusomwa na kifaa cha bei rahisi, hivyo tafuta mwenye mashine inayolijua gari lako. Lakini namba ya hitilafu ni tetesi, hukumu bado. P0335 inasema njia ya sensa ya krenki haieleweki, na njia hiyo ina sensa, soketi na waya wenye urefu wa mita moja au zaidi. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa ule mpira usiokazwa. Pia usimruhusu mtu azifute namba kabla ya kuzipiga picha. Na ukifika kwa fundi, hakikisha gari halijaoshwa injini asubuhi hiyo. Maji ya presha hutuama kwenye visima vya plagi na ndani ya soketi, yakaongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Fundi aliyeniponyesha yuko Morogoro, mtu mzima, gereji yake ni mwembe na meza. Nilimsomea maandishi yangu: mara nne, zote mchana, zote baada ya saa moja na nusu ya mwendo au zaidi, mshale sifuri, redio inaimba, dakika kama ishirini. Hakugusa spana. Alisema, "Kaka, liwashe uliache," akaingia saluni ya jirani akatoka na draya ya kukaushia nywele na waya wa umeme wa kurefusha. Mwenye saluni akamfuata hadi mlangoni akilalamika kuwa ana mteja kichwani. Mzee akalala chini ya gari, akailenga sensa kwa hewa ya moto huku mkanda ukizunguka shubiri moja kutoka mkono wake, jambo ambalo wewe usilijaribu. Dakika ya sita injini ikakata, kimya kabisa. Akamimina maji kidogo kwenye kitambaa, akakibandika pale pale, akanyoosha mkono kunionyesha nipige stata. Ikawaka. Akarudia tena kwa draya, ikakata tena.

Aliniambia ninunue sensa mpya halisi, nisichukue ya mtumba, kwa sababu ya mtumba nayo ina miaka ile ile na shaba ile ile. Alipoifunga, akanirudishia ya zamani mkononi kama alivyozoea, na draya ikarudi saluni kwa mbio. Ile pampu ya mwanzo, niliyoambiwa imekufa, niliipeleka kupimwa baadaye. Ni nzima, ipo stoo.